Kinachopotea Kwanza Kishughulikiwe Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuwaachia Wajao Urithi Wenye Maana

Mama alipofariki tulikuta kopo la bati chini ya kitanda chake, na ndani yake picha 43. Tukakaa sakafuni ndugu wanne, tukazitandaza kama karata. Moja ilikuwa ya mwanamke aliyesimama kando ya baiskeli, mkono mmoja begani kwa mtoto anayetazama pembeni. Mama mkubwa akasema mtoto yule ni yeye. Mjomba akakataa katakata: ni ndugu yao aliyefariki mdogo. Wakabishana hadi usiku, na mtu pekee ambaye angekata shauri tulikuwa tumemzika siku tatu kabla. Katika picha zote 43, tatu tu zilikuwa na maandishi nyuma. Ya kwanza ilikuwa na tarehe. Ya pili, jina la mpiga picha. Ya tatu ilikuwa na neno moja kwa mwandiko wa mama: "Sisi."

Wakati huohuo, kwenye simu yangu ya zamani kulibaki ujumbe wa sauti wa mama, wa sekunde kumi na moja. Ananiuliza kama nimefunga mlango wa nyuma, anakohoa kidogo, kisha anasema "haya." Hakuna hekima yoyote humo. Lakini ndicho kitu ambacho sisi wanne tumekitengenezea nakala nyingi kuliko kingine chochote alichotuachia.

Tangu hapo nimegeuza mpangilio niliouzoea. Watu wengi tukisikia neno urithi tunaanza na nyumba na akiba, halafu wosia, halafu tunajiahidi kwamba tukistaafu tutaandika historia ya maisha yetu. Nyumba haitatoroka. Majina ya watu kwenye picha, sauti, na sababu zilizotufanya tukaamua hivi badala ya vile ndivyo vinavyotoweka kwanza, kwa sababu vimekaa kichwani mwa mtu mmoja. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo: kinachopotea kwanza, tunakishughulikia kwanza.

Kabla ya yote: mpe sura yule unayemwachia

"Vizazi vijavyo" havina uso. Ukiviandikia, utaandika hotuba, na hotuba hakuna anayeitafuta kabatini miaka hamsini baadaye. Chagua mtu mmoja.

Mwana Kupona binti Msham alifanya hivyo mwaka 1858. Alikuwa ameugua mwaka mzima, na badala ya kuuhutubia ulimwengu alimwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi, amsikilize. Utenzi aliomtungia bado unasomwa zaidi ya miaka 160 baadaye, na watu ambao hakuwahi kuwawazia. Wengine wanaukubali, wengine wanagombana nao, lakini wote wanamsikia mama akizungumza na mwanawe. Umaalumu ule ndio uliouvusha.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike jina juu. Kama huna watoto, andika jina la mpwa, mwanafunzi wako, mwanagenzi unayemfundisha kazi au mtoto wa rafiki. Kama unayemfikiria hajazaliwa, mpe umri na shida: kitukuu wa miaka kumi na tisa aliyefeli mtihani; kilembwe anayetaka kujua kwa nini yeye, kama ndugu zake wengine, hasikii vizuri sikio la kushoto. Chini ya jina, andika maswali matatu ambayo mtu huyo angekuuliza usiku ambao hana wa kumwuliza. Karatasi hiyo ibandike mahali unapofanyia kazi. Kila utakapokwama, irudie.

Hatua ya 1: Yape majina macho yanayokutazama

Hii ni kazi ya wiki moja, jioni moja moja, na haihitaji kipaji chochote. Usianze na picha zote. Toa hamsini zilizo na watu ambao wewe pekee, au wewe na mzee mmoja aliyebaki, mnaweza kuwatambua.

Ilaze picha kifudifudi juu ya meza safi, ngumu. Andika nyuma kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza. Kalamu ya kawaida huacha mifereji inayojitokeza upande wa pili, na wino wake unaweza kupenya au kuhamia kwenye picha iliyolala juu yake. Karatasi za picha za kisasa zina mgongo wa plastiki unaokataa penseli; hizo zitie kwenye bahasha na uandike bahasha kabla ya kuitia picha ndani.

Andika majina kamili kuanzia kushoto. Usiandike "bibi" tu, maana baada ya miaka arobaini hakuna atakayejua ni bibi wa nani. Andika jina lake, kisha uhusiano wake na wewe, na wewe pia ujitaje kwa jina. Neno "sisi" mmeshaona lilikotufikisha. Weka mahali na mwaka. Kama mwaka unakisia, sema unakisia: "karibu na 1974, kabla hatujahama." Halafu ongeza sentensi moja ya kitu ambacho picha haionyeshi. Nyuma ya picha yangu moja ya utotoni nimeandika: "Natabasamu hivi kwa sababu kaka ameniahidi atanirudishia mpira. Hakurudisha." Watoto wangu huitoa picha hiyo kuliko zote, na zipo nzuri zaidi.

Picha zilizochapishwa zina adui watatu: joto, unyevu na gundi. Ziondoe darini na kwenye chumba cha chini, ziweke ndani ya nyumba mnamoishi, mahali penye giza na pasipopanda joto. Unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, umefanya vizuri. Zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu zinaharibu picha taratibu, kadhalika mifuko laini ya plastiki ya PVC yenye harufu kali. Ukinunua mifuko, tafuta ya poliesta au polipropilini. Ukiskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa hati za maandishi. Picha ndogo zipe 600 ili ziweze kukuzwa.

Na zile elfu kumi na mbili zilizomo kwenye simu? Hizo ni kama hazipo. Hakuna mjukuu atakayezipitia. Kila mwisho wa mwaka chagua ishirini, zipe majina, zichapishe. Nyingine ziache zilipo.

Hatua ya 2: Rekodi sauti, yako na ya wakubwa zako

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko pengine popote, na kama una mzazi, shangazi au mwalimu aliye hai, anza na yeye kabla ya kujirekodi mwenyewe.

Huhitaji studio. Mradi wa StoryCorps, ulioanza mwaka 2003 kwa kibanda kidogo ndani ya stesheni ya Grand Central jijini New York, unakaa juu ya wazo jepesi: watu wawili wanaofahamiana wanakaa pamoja kama dakika arobaini, mmoja anauliza, mwingine anasimulia, na rekodi inahifadhiwa. Dakika arobaini ni kipimo kizuri. Mzee hachoki, na wewe hupotezi uzi.

Simu yako inatosha. Tafuta chumba chenye mapazia, godoro au nguo nyingi, kwa sababu vitu laini humeza mwangwi. Zima feni, zima friji ukiweza (na uweke funguo zako juu yake ili ukumbuke kuiwasha). Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni mwa msemaji, ili kugonga meza kusisikike kama mlio wa ngoma. Rekodi sekunde kumi, sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, ndipo uanze. Sema mwanzoni majina yenu, tarehe na mahali mlipo, maana jina la faili linaweza kubadilishwa lakini sauti haiwezi kusahau ilichosema. Ukimaliza, ipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, halafu jina la mtu na mada, ili zijipange zenyewe.

Kifaa hakitakusumbua sana. Maswali ndiyo yatakayokusumbua.

Nilipomrekodi mjomba mara ya kwanza, nilimwuliza swali nililodhani ni la maana: maisha yamekufundisha nini? Akajikohoza, akakaa wima, akasema mtu amche Mungu, afanye kazi kwa bidii na aheshimu wakubwa. Sekunde arobaini. Tukatazamana. Kwa kukosa la kusema nikamwuliza siku ya kwanza kazini alivaa viatu gani. Akacheka. Vilikuwa vya kaka yake, vikubwa namba mbili, vimejazwa magazeti mbele. Akasimulia jinsi ukumbi wa ofisi ulivyokuwa mrefu na jinsi visigino vilivyokuwa vinapiga kelele, ikabidi atembee kwa ncha za vidole mpaka mezani kwake, na jinsi karani mkuu alivyomwona, asiseme kitu, na kesho yake akamkuta amemwekea vipande viwili vya soli juu ya kiti. Dakika ishirini na tano. Kila alichotaka kunifundisha kuhusu kazi, aibu na ukarimu kilikuwa mle ndani, na hakutaja hata neno moja kati ya hayo matatu.

Basi uliza vitu vinavyoshikika. Mlilala wangapi chumba kimoja, na nani alilala karibu na mlango? Sauti gani ilikuamsha asubuhi? Kitu gani mlitamani dukani mkakipita? Nani alikupiga, na nani alikutetea? Barua gani uliisoma mara nyingi? Ulijuaje kwamba huyu ndiye wa kuoana naye, na je, ulikosea mahali? Mara gani uliondoka mahali ukijua hutarudi? Anaponyamaza, usikimbilie swali lingine. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mambo mengi mazuri hutoka kwenye nne.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivi mapema, watoto wakiwa bado nyumbani. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali ishirini ya ndiyo au hapana kuhusu historia ya familia: unajua babu na bibi zako walikulia wapi, wazazi wako walikutanaje, na kadhalika. Walikuta kwamba watoto waliojua mengi walijithamini zaidi na kuhisi wana uwezo juu ya maisha yao. Usikimbilie kuwakaririsha watoto majibu ishirini. Duke mwenyewe alionya kwamba kujua majibu si dawa. Kinachofanya kazi ni mazungumzo yale ya mara kwa mara ambamo majibu hupatikana bila mtu kukusudia. Simulizi ya familia iliyopanda tu, kutoka ufukara hadi mafanikio, haina nguvu kama ile inayosema tulipanda, tukaanguka, tukashikana, tukainuka. Kwa hiyo usiwafiche anguko.

Hatua ya 3: Andika barua moja, kurasa mbili

Achana na kitabu cha maisha kwa sasa. Nimewaona watu watatu wakianza vitabu hivyo, na wote wameishia sura ya shule ya msingi. Barua inamalizika.

Barua za namna hii zina historia ndefu. Katika karne ya 12, tabibu na mfasiri Yuda ibn Tibbon, aliyekuwa akiishi Lunel, kusini mwa Ufaransa, alimwandikia mwanawe Samuel wosia usiotaja mali peke yake. Alimwagiza akague vitabu vyake vya Kiebrania kila mwezi mwandamo, vya Kiarabu kila miezi miwili, na aandike kila kitabu anachokiazima mtu kabla hakijatoka nyumbani. Alimkaripia pia, waziwazi, kwa uvivu na kwa mwandiko mbaya. Samuel ndiye aliyekuja kuwa mfasiri mashuhuri kumzidi baba yake. Najiuliza alivyojisikia kila aliposoma yale makaripio, baba akiwa hayupo tena wa kumwambia "ona nimefika."

Ndiyo maana naweka sharti moja juu ya barua hii: isiwe na lawama kwa mtu ambaye hataweza kujibu. Kama una kesi na mtoto wako, mpigie simu leo.

Kuhusu cha kuandika, mimi hutumia mambo manne, na sijali mpangilio wake. Kitu nilichokosea na ningekirekebisha, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea. Kitu mahususi nilichokiona kwako wewe, siyo "wewe ni mwema" bali "siku ile ulipomrudishia yule mwanamke pochi yake na hukuniambia, nilikuwa dirishani." Uamuzi mmoja uliobadili maisha yetu, na sababu yake halisi. Na ombi. Ombi moja tu, na liwe ombi kweli, yaani linaloweza kukataliwa. Kumwagiza mtu aoe nani, asome nini au asiuze nyumba ni kumfunga kamba kutoka kaburini.

Ukishindwa kuanza, omba mtu akuhoji. Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili wa Winnipeg, Kanada, alibuni utaratibu wa hivyo kwa wagonjwa waliokaribia mwisho wa maisha. Mgonjwa anaulizwa sehemu za maisha anazozikumbuka zaidi, ni lini alijisikia yu hai hasa, na angependa wapendwa wake wajue au wakumbuke nini. Mazungumzo hurekodiwa, huandikwa, husafishwa, kisha mgonjwa husomewa ili arekebishe kabla ya kumkabidhi anayemtaka. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 kutoka kwa wagonjwa 100, asilimia 91 walisema wameridhika. Mimi nachukua somo kwenye ile hatua ya kusomewa. Barua yako iache ilale usiku mmoja, kesho yake isome kwa sauti. Sentensi inayokufanya uongeze sauti, ifute. Mara nyingi hapo ulikuwa unahubiri.

Siri za familia? Sina kanuni moja. Kama siri inagusa afya ya kizazi kijacho au asili ya mtu aliye hai, mwenye haki ya kuijua aambiwe ana kwa ana, wewe ukiwepo kupokea hasira yake. Kuiacha kwenye bahasha ni kuwarushia wengine mzigo. Kama haimgusi aliye hai yeyote, unaweza kwenda nayo.

Andika nakala moja kwa mkono hata kama mwandiko wako ni mbovu. Tumia karatasi isiyo na asidi. Ile inayokidhi kiwango cha ISO 9706 imetengenezwa kudumu. Karatasi ya stakabadhi za mashine usiiamini hata kidogo, hufifia yenyewe kabatini.

Hatua ya 4: Wosia na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, waliosema hivyo walishaona mengi. Sehemu hii nitaipita haraka kwa sababu sheria za mirathi hutofautiana na wakili wako anazijua kuliko mimi. Mambo machache tu. Mwenye kurithi asiwe shahidi wa wosia wako. Katika sheria za nchi nyingi anaweza kupoteza alichoachiwa. Kwa Mwislamu, unachokiusia kwa wasio warithi kisizidi theluthi moja. Nywila usiziandike ndani ya wosia, maana sehemu nyingi wosia ukishapitishwa mahakamani mtu yeyote anaweza kuusoma.

Kando ya wosia, tengeneza ukurasa mmoja unaosema kitu gani kipo, kiko wapi, na nani wa kumwuliza. Hati, bima, madeni unayodai na unayodaiwa. Madeni usione aibu. Hayo ndiyo yatakayowafikia wa kwanza.

Akaunti za mtandaoni zina mlango wake. Google, tangu 2013, inakuruhusu kuchagua watu hadi kumi watakaopokea data yako usipoonekana kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Ni muhimu kwa sababu akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zote. Facebook inakuruhusu kumteua msimamizi wa ukurasa wako tangu 2015, na Apple iliongeza utaratibu kama huo mwishoni mwa 2021. Dakika ishirini zinatosha kwa zote tatu.

Halafu kuna vitu vidogo. Ndugu hugawana nyumba kwa utulivu, wakatukanana juu ya saa ya ukutani. Waulize sasa, kila mmoja peke yake, ni kitu gani wangependa kubaki nacho. Utashangaa. Dada yangu hakutaka dhahabu ya mama. Alitaka mkasi wa kushonea. Funga kijikaratasi kwenye kila kitu chenye maana: kimetoka kwa nani, kilifanya kazi gani, nani kimwendee. Saa isiyo na hadithi ni chuma tu, itauzwa.

Hatua ya 5: Acha kitu kinachoendelea kufanya kazi

Si lazima, lakini kama moyo unakutuma kuacha mfuko wa masomo, wakfu au mradi, sikiliza hadithi mbili.

Benjamin Franklin, aliyefariki mwaka 1790, aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja. Fedha zile zikopeshwe vijana mafundi waliooa, wasiozidi miaka 25, kwa riba ya asilimia 5, na mfuko uzunguke miaka 200. Ulizunguka kweli. Mwaka 1990 wa Boston ulikuwa kama dola milioni 5, wa Philadelphia zaidi ya milioni 2. Lakini yule kijana aliyemlenga alikuwa ametoweka zamani. Viwanda vilipochukua nafasi ya fundi na mwanagenzi wake, wakopaji wa aina ile wakaadimika, na fedha zikaenda kwingine.

Alfred Nobel naye aliandika wosia wake kwa mkono wake, bila wakili, akautia sahihi Paris tarehe 27 Novemba 1895. Akafa Desemba 1896. Taasisi ya kuzisimamia fedha zile haikuwepo, baadhi ya ndugu wakaupinga wosia, na tuzo za kwanza hazikutolewa hadi 1901. Alikuwa na bahati ya kupata wasimamizi waliokubali kuhangaika miaka mitano.

Kwa hiyo andika kusudi, njia waachie walio hai. "Kumsaidia kijana mwenye mikono mizuri asiye na mtaji" litadumu kuliko "kununulia vyerehani." Na taasisi au kamati ianze ukiwa hai, hata na fedha kidogo, uone inavyokosea.

Kama huna fedha, una ujuzi, na binafsi nauona huo kuwa nakala inayodumu kuliko zote kwa sababu hujinakili yenyewe. Chagua kitu kimoja unachokifanya bila kufikiri: kunoa, kushona, kusoma hesabu za biashara, kumtuliza mtoto anayelia. Mchukue mtu mmoja. Mara ya kwanza atazame. Mara ya pili mfanye wote. Kuanzia ya tatu afanye yeye, na wewe mikono yako iweke mgongoni. Nazungumzia kuishika kabisa nyuma, maana mkono wa fundi hauna subira.

Hatua ya 6: Hifadhi kama mtu asiyeamini kifaa chochote

Watunza kumbukumbu wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye aina mbili tofauti za vifaa, na moja iwe nje ya nyumba. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu wa mji mwingine. Moto na mafuriko havichagui droo.

Flashi ni ya kubebea, siyo ya kutunzia. Diski za nje nazo huchoka; zibadilishe kila baada ya miaka mitano hivi hata kama zinafanya kazi. Hati zihifadhi kwa PDF/A, aina iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya muda mrefu. Sauti ziache kwenye WAV, faili kubwa isiyopunguza ubora, na za kusikilizia tengeneza MP3, iliyo ndogo. Programu ya ajabu inayofungua faili zake pekee iepuke, haijalishi ni nzuri kiasi gani. Barua na majina ya picha yachapishe kwenye karatasi, kwani karatasi haihitaji chaja.

Weka siku moja ya mwaka, siku yako ya kuzaliwa kwa mfano, ya kufungua faili tano za kubahatisha. Ikigoma hata moja, unajua diski gani inaaga.

Hatua ya 7: Kabidhi ukiwa hai

Katika kila ukoo kuna mtu mmoja anayeuliza maswali. Siyo lazima awe mkubwa wala mwenye elimu zaidi. Ndiye wa kumkabidhi, na awe na msaidizi aliye mdogo kuliko yeye kwa angalau miaka ishirini, ili wasiondoke pamoja. Waambie wengine wote kwamba umewateua hao wawili, wasije wakaonekana wameiba.

Siku ya kukabidhi, usimwonyeshe chochote. Mpe boksi, mpe ule ukurasa mmoja, kaa kwenye kiti cha pembeni unyamaze. Mwombe atafute mambo matatu: picha ya mtu fulani na jina lake, rekodi fulani aicheze hadi sauti isikike, na mahali ilipo hati ya nyumba. Mtazame anavyohangaika. Mimi nilipomjaribu binti yangu, picha aliipata kwa dakika mbili, hati kwa nne, lakini rekodi ya mjomba ilimshinda: nilikuwa nimeiita "sauti mpya 7." Tuliibadilisha jina palepale, yeye akiandika na mimi nikimtajia. Ameiita "viatu vya kaka."